Gharama na Malipo ya Elektroni: Namna ya Kufundisha Mabadiliko ya Nishati katika Atomu

Katika kusikiliza masomo ya sayansi wakati wa mazoezi ya kufundisha, tumekuwa tukiikuta sentensi moja ambayo husafiri kutoka daftari hadi daftari na kutoka shule hadi shule. Sentensi yenyewe ni hii: "Atomu ya sodiamu inapenda kutoa elektroni yake moja, na atomu ya klorini inapenda kuipokea, ndiyo maana tunapata chumvi." Ni sentensi nyepesi kukumbukwa, nayo humvusha mwalimu upesi mahali penye ugumu. Lakini mtoto mwerevu aliyekaa nyuma akinyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, ikiwa sodiamu inapenda kuitoa, mbona haijaitoa siku zote?", mwalimu aliyeitegemea sentensi hiyo hana la kujibu. Aghalabu mtoto huambiwa akae chini, wakati ambapo yeye ndiye aliyefikiri kisayansi kuliko wote waliokuwamo chumbani.

Ubaya hauishi hapo. Mtoto huyo akifika sekondari ataonyeshwa majedwali ya nishati inayohitajika kung'oa elektroni, na humo ataona kwamba sodiamu haitoi elektroni yake bure hata kidogo. Itampasa abomoe alichojengewa ndipo aanze kujenga upya. Kwa hiyo, ingawa hatusemi kwamba mwanafunzi wa darasa la sita akaririshwe tarakimu zitakazofuata, tunasema kwamba mwalimu wake hana budi kuzijua, ili lile dogo atakalolisema darasani liwe la kweli.

Maneno mawili ya kutenganisha

Kabla hatujaingia ndani, yafaa tuangalie lugha yetu. Katika mazungumzo ya kila siku neno "nguvu" hubeba mizigo mingi: nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu za serikali. Katika somo hili twahitaji maneno mawili yasiyochanganywa. "Nguvu" litumike kwa mvuto au msukumo, kama vile kiini cha atomu kinavyoivuta elektroni. "Nishati" litumike kwa ule uwezo wa kufanya kazi unaolipwa au kupokewa elektroni inapohamishwa. Mwalimu anayeandika ubaoni "nguvu ya kung'oa elektroni" na baadaye kidogo "nishati ya kung'oa elektroni", akikusudia jambo lile lile, anawapa watoto ugumu usiokuwa katika sayansi yenyewe.

Kiini huvuta

Atomu ina kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na nje ya kiini zimo elektroni zenye chaji hasi. Elektroni zenyewe zilitambuliwa na J. J. Thomson huko Uingereza mwaka 1897. Kwa kuwa chaji zisizofanana huvutana, kila elektroni imeshikwa na mvuto wa kiini, na yeyote atakaye kuiondoa lazima afanye kazi dhidi ya mvuto huo. Basi kanuni ya kwanza, ambayo tungependa kila mwanachuo aiandike mwanzoni mwa andalio lake la somo, ni hii: kung'oa elektroni kutoka katika atomu iliyo peke yake hugharimu nishati daima. Hakuna elementi hata moja, tangu haidrojeni iliyo nyepesi hadi urani iliyo nzito, inayotoa elektroni bila kulipiwa.

Mfano unaofaa watoto wetu ni ule wa kisima. Elektroni ni kama ndoo ya maji iliyo ndani ya kisima. Kuipandisha hadi ukingoni ni kazi, na kisima kikiwa kirefu kazi huzidi. Atomu ya sodiamu, kwa habari ya elektroni yake ya nje, ni kisima kifupi. Atomu ya heli ni kisima kirefu kupita vyote. Hata hivyo kisima kifupi bado ni kisima. Hakuna ndoo iliyokwisha kupanda yenyewe kwa sababu tu maji yako karibu.

Sasa tutie tarakimu. Wanakemia hupima kwa kipimo kiitwacho moli, ambacho kwa sodiamu ni gramu 23. Ili kung'oa elektroni moja kutoka katika kila atomu ya gramu 23 za mvuke wa sodiamu, hulipwa kilojuli 496. Nishati hiyo ingetosha kufikisha takriban lita moja na nusu ya maji baridi kwenye kiwango cha kuchemka. Potasi hudai kidogo zaidi, yaani 419. Lithi hudai 520. Sizi, iliyo rahisi kuliko elementi zote thabiti, hudai 376, na heli, iliyo ngumu kuliko zote, hudai 2,372.

Lakini jambo lenye faida kubwa kwa mwalimu si elektroni ya kwanza ya sodiamu bali ni ya pili. Hiyo hudai kilojuli 4,562, zaidi ya mara tisa ya ile ya kwanza. Kwa nini? Elektroni ya kwanza ilikuwa peke yake katika tabaka la nje, mbali na kiini, na zile 10 za ndani zilikuwa kati yake na kiini kama pazia linalopunguza makali ya mvuto. Elektroni ya pili imo katika tabaka la ndani, karibu na kiini, wala haina pazia la kutosha. Ni kama kuhama kutoka kisima cha uani kwenda katika shimo la mgodi. Magnesi huonyesha jambo hilo hilo kwa namna nyingine: ya kwanza 738, ya pili 1,451, kisha ya tatu yaruka hadi 7,733. Mwanachuo akizitazama tarakimu hizi peke yake, bila kuambiwa, ataona kwamba sodiamu ina elektroni moja ya nje na magnesi mbili. Hivyo idadi ya elektroni za nje haikutoka hewani. Mwalimu anaweza kuisoma katika gharama.

Atomu ikipokea elektroni mambo huwa tofauti. Kiini cha klorini huivuta elektroni inayokaribia, na elektroni hiyo "inapoanguka" ndani, nishati hutoka. Kwa moli moja ya atomu za klorini hutoka kilojuli 349, malipo yaliyo makubwa kuliko ya elementi nyingine yoyote. Hata hivyo isidhaniwe kuwa kupokea elektroni huleta faida kila mara. Atomu ya oksijeni hutoa kilojuli 141 inapopokea elektroni ya kwanza. Lakini ikiisha kuipokea imekuwa na chaji hasi, na elektroni ya pili, ambayo nayo ni hasi, husukumwa nje. Kuiingiza kwa lazima hugharimu zaidi ya kilojuli 700. Neoni yenyewe haishiki hata elektroni moja ya ziada.

Daftari la chumvi

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, na ndipo tunapowaomba wanachuo wasiende mbio. Chukua ubao, ugawe sehemu mbili kama daftari la mwenye duka: upande mmoja "Gharama" na upande wa pili "Mapato". Tunataka kujua nini hutokea gramu 23 za sodiamu zikiungana na gramu 35.5 za klorini, na kutupatia gramu 58.5 za chumvi ya kula, chumvi ile ile ya Uvinza au ya mashamba ya chumvi ya pwani.

Sodiamu ni metali yabisi, na atomu zake zimeshikana. Kuzitenganisha ziwe mvuke hugharimu 107. Kung'oa elektroni moja kwa kila atomu ni 496. Klorini nayo haipatikani ikiwa atomu mojamoja. Hutembea jozi jozi, na kuzivunja jozi hizo ili tupate moli moja ya atomu hugharimu 121. Jumla ya gharama ni kilojuli 724.

Tukiandika upande wa mapato yale malipo ya klorini kwa kupokea elektroni, tunapata 349 tu. Tusimame kidogo hapa na kuwaacha wanafunzi watazame. Tumelipa 724 na kupata 349. Tuna hasara ya 375. Hata tukisahau gharama za kutenganisha atomu, na kulinganisha elektroni kwa elektroni, sodiamu imedai 496 na klorini imelipa 349. Bado pana upungufu wa 147. Kwa maneno mengine, kule kuhama kwa elektroni kutoka kwa sodiamu kwenda kwa klorini, ambako ndiko tulikokuwa tukikusifu kama chanzo cha kila jambo, ni biashara ya hasara.

Basi chumvi inatokea wapi? Inatokea kwa sababu baada ya kuhama huko tunazo ioni za sodiamu zenye chaji chanya na ioni za klorini zenye chaji hasi, nazo hazibaki mbalimbali. Huvutana, zikajipanga safu kwa safu, kila ioni ya sodiamu ikizungukwa na ioni sita za klorini, na kila ioni ya klorini ikizungukwa na sita za sodiamu. Katika kujipanga huko hutoka kilojuli 786. Ukiziandika upande wa mapato, hasara ya 375 yafutika na kubaki faida ya 411. Hiyo ndiyo nishati inayoonekana kama mwali wa manjano na joto kali sodiamu inapoungua ndani ya klorini.

Njia hii ya kuhesabu ilitungwa mwaka 1919 na wanasayansi wa Ujerumani Max Born na Fritz Haber, na mpaka leo hufundishwa kwa majina yao. Sisi hatuna haja ya majina hayo mbele ya watoto. Tunachohitaji ni wazo lake: nishati ya badiliko zima ni matokeo ya gharama zote na mapato yote, na haitoki mahali pamoja palipofichwa. Mwalimu akilishika wazo hilo hatasema tena kwamba nishati imo "ndani ya elektroni" ikingoja kufunguliwa, wala hatasema kwamba kuvunja kifungo hutoa nishati. Kule kuvunja jozi za klorini kuligharimu. Nishati ilitoka katika kujenga.

Juu ya "kupenda" na juu ya deni

Je, tuseme ni haramu kusema atomu "inapenda" au "inataka"? Sisi hatuendi umbali huo. Lugha ya mifano ni mali ya mwalimu, na darasa lisilo na mifano ni kavu kama ganda la nazi. Tunalokataa ni kuutumia mfano mahali pa sababu. Mtoto akiuliza "kwa nini" na mwalimu akajibu "kwa sababu inapenda", mlango umefungwa. Mwalimu aseme badala yake: "Sodiamu hudai nishati kidogo kuliko elementi nyingi, klorini hurudisha kiasi, na ioni zinapokusanyika hurudisha kilichobaki na kuzidi." Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini ni ya kweli, na yule mtoto wa nyuma anaweza kuitumia kujijibu.

Kuna ugumu mwingine ambao hauna budi kutajwa, nao ni ule wa alama. Watoto hushangaa kwamba atomu iliyopoteza kitu inakuwa "chanya" na iliyopata kitu inakuwa "hasi". Kwao kupoteza ni kupungua. Mfano wa deni hufaa hapa: elektroni ni kama hati ya deni. Aliyeondolewa hati ya deni amesogea upande wa chanya. Aliyeongezewa amesogea upande wa hasi. Watoto wa wafanya biashara hulielewa jambo hili kabla mwalimu hajamaliza kulieleza. Lakini jihadhari: mfano wa deni ni wa chaji, na mfano wa kisima ni wa nishati. Ukiitumia yote miwili katika kipindi kimoja, mtoto atadhani kwamba kuondolewa deni ni faida ya nishati, kumbe tumesema kung'oa elektroni ni gharama. Deni lifundishwe leo, kisima juma lijalo.

Majaribio yanayowezekana

Sodiamu yenyewe haina nafasi katika shule ya msingi. Hulipuka ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Yeyote atakayewaahidi watoto kuwaonyesha chumvi ikizaliwa mbele ya macho yao ameahidi asichopaswa kutoa. Lakini sodiamu tunayo tayari katika chumvi na katika magadi tunayotia katika maharage. Hata alama yake, Na, yatokana na neno la Kilatini natrium, lililo jamaa moja na jina la Ziwa Natron lililo kaskazini ya Tanzania.

Washa jiko la mafuta ya taa lenye utambi safi, mwali uwe wa buluu. Chovya waya safi wa chuma katika maji ya chumvi na kuuingiza katika mwali. Manjano kali itatokea. Hapa elektroni ya nje ya sodiamu imepandishwa na joto la mwali, lakini haikufika ukingoni mwa kisima. Imefika kiasi cha hatua mbili kati ya tano za safari, kisha imeanguka na kurudisha nishati ile kama mwanga. Taa za manjano za barabarani, ambazo katika miji mingi zimekuwa zikibadilishwa kwa taa za aina mpya, zilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Jaribio hili ni fupi, na faida yake ni moja: watoto wanaona kwa macho kwamba nishati iliyolipwa kuinua elektroni hairudi patupu.

Jaribio tunalolipendelea zaidi ni la zinki na mrututu. Mrututu hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa za kilimo, na zinki hupatikana kwa kukata ganda la betri kuukuu ya tochi. Betri iwe ya aina ile ya zamani yenye kijiti cha makaa katikati. Betri ziitwazo alkalini zina dawa inayounguza ngozi, na betri za simu huweza kuwaka moto. Hizo mbili zisifunguliwe kabisa, wala mtoto asiachiwe kufungua betri ya aina yoyote. Kazi hiyo aifanye mwalimu, siku iliyotangulia, aoshe ganda vizuri na kulikwangua hadi ling'ae, kisha alikereze kwa tupa apate unga wa zinki usiopungua gramu 3.

Yeyusha gramu 5 za mrututu katika mililita 100 za maji, ambazo ni kama theluthi ya chupa ya soda. Ngoja kwanza joto la maji litulie, kwa kuwa kule kuyeyuka kwenyewe hubadili joto kidogo, nawe hutaki kuchanganya mambo mawili. Andika kipimo cha kipimajoto. Tia unga wa zinki, koroga kwa kijiti na kuwaambia watoto wasome kipimajoto kila nusu dakika. Joto litapanda, rangi ya buluu itafifia, na chini ya kikombe utakusanyika unga wa rangi ya hudhurungi. Waonye mapema kwamba shaba hii haitang'aa kama sarafu mpya. Mwanzoni huonekana nyeusi nyeusi kama masizi, na watoto wasioonywa huandika kwamba jaribio limeharibika.

Kinachotokea ni kwamba kila atomu ya zinki hutoa elektroni mbili na kuingia majini ikiwa ioni, na kila ioni ya shaba iliyokuwa majini hupokea elektroni hizo mbili na kuwa atomu ya metali. Kwa moli moja hutoka kilojuli 217. Gramu 5 za mrututu ni kama sehemu moja ya hamsini ya moli, kwa hiyo tunatazamia kilojuli 4 na zaidi kidogo, ambazo zingepandisha joto la maji yale kwa digrii 10 hivi za sentigredi. Darasani kipimo kitakuwa chini ya hapo, kwa kuwa kikombe na hewa huchukua sehemu yao, na zinki ikiwa vipande badala ya unga, badiliko huwa la polepole na joto hupotea njiani. Kikombe cha plastiki ni bora kuliko cha bati. Pasipokuwa na kipimajoto, tengeneza vikombe viwili vyenye mrututu ulio sawa, tia zinki katika kimoja tu, na watoto wavipapase kwa nje kwa zamu bila kujua kipi ni kipi.

Kwa mwanachuo mwenyewe, si kwa watoto, hapa pana jambo la kushangaza. Kung'oa elektroni mbili za zinki hugharimu 906 na 1,733, yaani 2,639 kwa jumla. Ioni ya shaba ikipokea elektroni mbili hurudisha 2,703. Faida ni 64 tu. Sehemu kubwa ya zile 217 hutoka kwingine: atomu za shaba zinaposhikana na kuwa metali hurudisha 337, ilhali kuzitenganisha zile za zinki kuligharimu 130 tu. Maji nayo yana hesabu yake ndogo, kwa kuwa huzishika ioni za shaba kwa nguvu zaidi kidogo kuliko za zinki, na hivyo kudai sehemu ya faida hiyo. Kwa mara nyingine, anayesema "zinki hupenda kutoa elektroni kuliko shaba" ametaja matokeo ya hesabu kana kwamba ndiyo sababu.

Kutoka joto hadi umeme

Katika kikombe chetu elektroni ziliruka moja kwa moja kutoka zinki hadi shaba, na nishati ikatoka kama joto. Tukizitenganisha zinki na ioni za shaba, tukazipa elektroni njia ya waya tu, sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka kama umeme. John Daniell alifanya hivyo mwaka 1836, na betri yake ilitoa takriban volti 1.1. Betri ya tochi ni ndugu yake: ganda la zinki ndilo linalotoa elektroni, na ndiyo sababu ganda hilo hutoboka na kuvuja betri ikiisha kuzeeka. Watoto wote wamekwisha kuiona betri iliyovuja. Wachache wameambiwa kwamba lile tundu ni mahali palipotoka zinki iliyolipia mwanga wa tochi.

Hapo ndipo pa kulisahihisha lile somo mashuhuri la limau. Mwalimu huchoma msumari wa zinki na waya wa shaba katika limau, na darasa zima huandika: "Limau lina umeme." Limau halina umeme. Asidi yake ni njia ya ioni, na pia ndiyo inayozipokea elektroni upande wa shaba. Lakini kinacholiwa ni zinki. Ithibitishe kwa kuweka misumari miwili ya zinki iliyo sawa katika limau lile lile: hupati kitu. Kwa zinki na shaba limau moja hutoa karibu volti 0.9, ambayo haiwashi balbu ya tochi hata ukiomba. Malimau matatu au manne yaliyounganishwa mfululizo yanaweza kuwasha kwa udhaifu taa ndogo nyekundu iliyotolewa katika redio mbovu, basi jaribu nyumbani kwanza.

Njia ya kurudi nayo ifundishwe. Mwaka 1807 Humphry Davy, huko London, alipitisha umeme katika magadi makali yaliyoyeyushwa na kupata sodiamu kwa mara ya kwanza. Alichofanya ni kuzirudishia ioni za sodiamu elektroni zao kwa kulipa gharama kwa umeme. Mtu anayechaji simu yake au taa yake ya jua anafanya kazi ya namna hiyo hiyo: anazirudisha elektroni mahali ambapo zenyewe zisingerudi, na ndiyo maana lazima alipie umeme au angoje jua. Swali zuri la kuwaachia wanafunzi wa darasa la saba ni hili: kwa nini betri ya tochi ya zinki haichajiwi kama ya simu? Wengi watajibu kwamba imekwisha umeme. Atakayejibu kwa kulitazama ganda lililotoboka, na kuuliza itawezekanaje zinki irudi mahali pake na kuwa ganda zima tena, huyo mpe kalamu aende ubaoni.

Baada ya jaribio la mrututu, maji yaliyobaki yasimwagwe uani wala katika mfereji. Mrututu ni sumu kwa mifugo na kwa samaki. Acha zinki ya ziada ndani ya kikombe hadi kesho yake, mpaka buluu yote iishe, ndipo uchuje ule unga wa shaba kwa kitambaa na kuuhifadhi katika chupa yenye jina lake, kwa kuwa utakufaa mwakani utakapotaka kuwaonyesha wengine. Maji yaliyochujwa bado yana zinki. Yafukie katika shimo mbali na kisima, na watoto wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kengele ya uji.